Kumpima Mwanafunzi Usiyemwona

Kijana aliyefanya mtihani wa Cambridge akiwa Tabora au Mombasa miaka ya 1950 hakuwahi kumwona mtu aliyemsahihishia. Maswali yalitoka Uingereza, majibu yakafungwa na kurudishwa huko huko, na baada ya miezi matokeo yakamfikia. Kumpima mwanafunzi kutoka mbali ni jambo la zamani kwetu kuliko redio ya mkononi. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki lilianzishwa 1967, Tanzania ikajitoa 1971 na kuunda Baraza la Mitihani lake, NECTA, kwa sheria ya 1973, lakini utaratibu wa msingi haukuguswa: aliyefundisha siye anayesahihisha, na anayesahihisha hamjui mtahiniwa ila kwa namba.

Chuo Kikuu cha London kilikuwa kimelifikisha wazo hilo ukingoni tangu 1858, kiliporuhusu watu wafanye mitihani yake bila kusoma katika chuo chochote kinachoshirikiana nacho. Soma popote, kwa mwalimu umtakaye au bila mwalimu, ila siku ya mtihani uje. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya 1992, ni mjukuu wa wazo hilo. Masomo humfuata mwanafunzi nyumbani na kazini, lakini mtihani wa mwisho umezoea kumwita yeye: aje kituo cha mkoa, akae kwenye dawati, kitambulisho juu ya meza, msimamizi akipita nyuma yake.

Kwa hiyo kwa zaidi ya karne moja kilichokuwa mbali ni mwalimu na msahihishaji. Mwanafunzi mwenyewe alikuwa ndani ya chumba, na chumba hicho ndicho kilichokuwa kikithibitisha kwamba mkono ulioandika ni wake na kwamba kilichoandikwa kilitoka kichwani mwake. Intaneti ilipokuja tuliitumia kupeleka video, vitini na majadiliano, na hatukulazimika kujiuliza sana kuhusu chumba. Corona ndiyo iliyokifunga.

Tanzania ilifunga shule 17 Machi 2020, ikafungua vyuo na kidato cha sita 1 Juni na shule nyingine 29 Juni. Chumba kilirudi kabla swali halijakomaa. Kenya haikupata bahati hiyo. Julai 2020 serikali ilitangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea, ikawarudisha Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne Oktoba 12, na mitihani ya KCPE na KCSE ya 2020 ikaja kufanyika Machi na Aprili 2021. Waliporudi, Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, liliandaa tathmini ya kujua wamebaki na nini. Ukitafakari, huo ulikuwa ukiri mkubwa: miezi ile yote ya vipindi vya redio na televisheni na makundi ya WhatsApp haikuweza kuhesabiwa, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kusema nani alijifunza nini. Uganda ilichelewa zaidi, ikafungua shule zote 10 Januari 2022 baada ya karibu miaka miwili, na watoto wakapandishwa darasa.

Uingereza ilijaribu njia ya werevu. Mitihani ya A-level ilifutwa, walimu wakaombwa kukadiria daraja la kila mwanafunzi na kuwapanga kwa ubora, kisha mamlaka ya mitihani, Ofqual, ikayapitisha makadirio hayo kwenye kanuni ya kompyuta iliyoangalia pia matokeo ya shule hiyo miaka iliyopita. Matokeo yalipotoka 13 Agosti 2020, karibu asilimia 40 ya madaraja yaliyopendekezwa na walimu yalikuwa yameshushwa. Mwanafunzi hodari katika shule ambayo haikuwahi kutoa daraja la juu alivutwa chini na kaka na dada waliomtangulia. Wanafunzi wakaandamana, na siku nne baadaye serikali ikarudi kwenye makadirio ya walimu. Pale kilipimwa kila kitu isipokuwa mwanafunzi.

Ndani ya madarasa ya mtandaoni yenyewe hali haikuwa bora. Darasa la WhatsApp kila mwalimu aliyefundisha mwaka ule analikumbuka: maelezo ya sauti ya dakika nne, swali limeandikwa ubaoni na kupigwa picha, kisha kusubiri. Majibu huja usiku, baada ya baba kurudi na simu. Ni picha ya ukurasa wa daftari iliyopigwa kwa kulala, penseli haionekani, kona moja ina kivuli cha kidole. Wanafunzi 11 kati ya 45 wametuma. Wengine 20 wana tiki mbili za buluu. Waliobaki bando limeisha, au hawakuwahi kuwemo. Mwalimu ajue nini hapo? Mwaka huo UNICEF na Shirika la Mawasiliano la Kimataifa walikadiria kwamba theluthi mbili ya watoto wote duniani wa miaka 3 hadi 17 hawakuwa na intaneti nyumbani, kwa hiyo hata hao 11 walikuwa tayari wamechujwa na kipato cha wazazi kabla ya kuchujwa na akili zao.

Vyuo vyenye mifumo rasmi vilipata takwimu nyingi zaidi, ila za aina ile ile. Mfumo kama Moodle utakuambia mwanafunzi ameingia mara ngapi, amefungua faili gani, na lini. Wakuu wa idara wanazipenda takwimu hizi kwa sababu zinachoreka kwenye grafu. Zinaonyesha mahudhurio tu. Mwanafunzi aliyepakua vitini vyote siku ya kwanza kwenye mtandao wa bure wa chuo, akaenda kuvisoma kijijini usiku na mchana, ataonekana mtoro. Aliyefungua kila faili bila kusoma lolote ataonekana mwenye bidii.

Vyuo vingi vya Marekani na Ulaya, vilipokosa chumba, viliamua kukituma nyumbani kwa mwanafunzi. Programu kama Proctorio na Respondus hufunga kivinjari, huwasha kamera na maikrofoni, na huweka alama ya shaka mtahiniwa anapogeuka au sauti nyingine inaposikika. Baadhi ya vyuo vilimtaka mwanafunzi azungushe kamera chumba kizima kabla ya kuanza. Mwanafunzi mmoja wa kemia alikishtaki Chuo Kikuu cha Cleveland State kwa jambo hilo, na Agosti 2022 jaji wa shirikisho huko Ohio akaamua kwamba kukagua chumba cha kulala cha mwanafunzi kwa kamera ni upekuzi usiokubalika kwa katiba ya Marekani.

Tatizo la sura ni gumu zaidi, na linatuhusu moja kwa moja. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha uchunguzi wa mifumo mitatu ya kibiashara inayokisia jinsia ya mtu kwa kutazama uso wake. Kwa wanaume weupe mfumo uliokosea zaidi ulikosea chini ya asilimia 1. Kwa wanawake weusi kosa lilifika asilimia 34.7. Uchunguzi huo haukuhusu mitihani, lakini uliwapa watu sababu ya kuuliza nini kinatokea kamera ya msimamizi inapomtazama mtahiniwa mweusi kwenye mwanga hafifu. Huko Amsterdam mwanafunzi mmoja mweusi alilalamika kwamba programu ilishindwa kuuona uso wake. Taasisi ya Haki za Binadamu ya Uholanzi ilisema Desemba 2022 kwamba kuna dalili za ubaguzi, kisha Oktoba 2023 ikaamua kwamba chuo kimeweza kuonyesha haukuwepo. Sheria ilimaliza kazi yake, lakini mwanafunzi aliyeanza mtihani akihangaika kuwasha taa usoni hakurudishiwa utulivu wake.

Chuo Kikuu cha UNISA cha Afrika Kusini, chenye wanafunzi laki kadhaa waliotawanyika, kimetumia programu ya simu inayopiga picha na kurekodi sauti kwa vipindi ili kuokoa bando. Kwa kuwa hiyo ndiyo njia itakayouzwa kwetu, tuifikirie ndani ya nyumba zetu. Chumba cha kupanga Manzese au Kayole, watu watano, ukuta unaopitisha redio ya jirani, mtoto anayeingia kuomba hela ya andazi katikati ya swali la tatu. Programu inasikia sauti ya pili na kuandika shaka. Mtu wa ofisini, ambaye hajawahi kukaa katika chumba kama hicho, ataisikiliza rekodi hiyo na kuamua. Kamera hizi zinapima ukimya wa nyumba, na ukimya wa nyumba hununuliwa.

Na hata zikifanya kazi kikamilifu, zinalinda mlango ambao wengi hawautumii. Kazi za nyumbani na insha, ambazo katika masomo ya mtandaoni hubeba sehemu kubwa ya alama, huandikwa pasipo kamera. Hapa kuna jambo ambalo Afrika Mashariki hulisemea chini chini. Kwa miaka mingi Nairobi imekuwa moja ya vituo vikubwa duniani vya uandishi wa insha za kulipwa: kijana ana shahada, hana kazi, anaandika insha za sosholojia, uuguzi au fedha kwa ajili ya mwanafunzi wa Uingereza au Marekani ambaye hatamwona kamwe. Patricia Kingori, profesa wa Oxford mzaliwa wa Kenya, amewafuatilia waandishi hao, na filamu ya The Shadow Scholars ya 2024 imeonyesha maisha yao. Australia ilipiga marufuku biashara hiyo kwa sheria ya 2020, Uingereza ikaifuata kwa sheria ya 2022. Kuiita wizi ni sawa. Lakini kama mtihani ungekuwa unapima kujifunza, kijana wa Nairobi ndiye angekuwa na digrii nne, na mteja wake angebaki na risiti. Mfumo uliopima karatasi bila kumpima mtu ulikuwa umevunjika kabla ya kompyuta kujifunza kuandika.

ChatGPT ilipotoka 30 Novemba 2022 ilichofanya ni kushusha bei. Huduma iliyokuwa ikigharimu makumi ya dola na siku tatu za kusubiri ikawa ya bure na ya sekunde. Kijana wa Nairobi akapoteza wateja, na mwalimu akapoteza usingizi. Jibu la haraka la vyuo lilikuwa kununua programu za kunusa maandishi ya akili mnemba. OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walitoa kinusi chao Januari 2023. Kwa takwimu zao kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kiliwasingizia binadamu asilimia 9 ya maandishi yao. Wakakifunga Julai mwaka huo huo.

Mwaka huo pia watafiti wa Stanford walivijaribu vinusi saba kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani asilimia 61 ya insha hizo, zote za binadamu, zilihukumiwa kuwa za mashine. Sababu inaeleweka. Vinusi hivi hutafuta maneno yanayotabirika na sentensi zilizonyooka, na hivyo ndivyo anavyoandika mtu aliyejifunza Kiingereza darasani, kwa msamiati alionao, akiogopa kukosea. Mwanafunzi wa Singida anayeandika katika lugha yake ya tatu ndiye mtu wa kwanza kutiliwa shaka. Chuo cha Afrika Mashariki kinachomfukuza au kumrudisha sapu mwanafunzi kwa ushahidi wa kinusi peke yake kinamdhulumu, na sioni namna ya kulisema hilo kwa upole zaidi.

Hapa ndipo mjadala wetu umekwama: kamera gani, kinusi gani, adhabu gani. Hofu ya kuangalizia imelimeza swali lenyewe. Mtihani siku zote umekuwa na kazi mbili tulizozifunga pamoja. Kazi ya kwanza ni cheti, yaani kumwambia mwajiri, mgonjwa au mteja kwamba mtu huyu anaweza. Kazi ya pili ni kumjulisha mwalimu na mwanafunzi kilichoeleweka na kilichoachwa njiani, wakati bado kuna muda wa kurekebisha. Masafa yanaikwamisha kazi ya kwanza kwa kweli. Kazi ya pili hayaikwamishi hata kidogo, na kwa baadhi ya mambo yanaisaidia, mradi tukubali kuitenga.

Chukua swali dogo la hesabu: 43 kutoa 17. Mwalimu analituma kwa ujumbe mfupi hata kwenye kitochi, na majibu manne ya kuchagua: 26, 34, 36, 60. Aliyechagua 26 amepata. Aliyechagua 34 ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa kila upande, 4 toa 1 na 7 toa 3, bila kujali ipi iko juu. Huyu hajaelewa kukopa. Aliyechagua 36 anajua kukopa ila anasahau kupunguza makumi. Aliyechagua 60 amejumlisha, pengine hakusoma alama. Watoto watatu, makosa matatu, na kila mmoja anahitaji somo tofauti kesho asubuhi. Ujumbe ule umegharimu senti chache, na umemwambia mwalimu mambo ambayo kuwaona watoto 45 wakitikisa kichwa darasani kusingemwambia. Na kwa kuwa swali halina alama za cheti, hakuna sababu ya mtu kumfanyia mtoto.

Majukwaa yetu yamekuwa na uwezo huu kwa muda. Eneza Education ya Kenya imekuwa ikituma maswali kwa ujumbe mfupi, na Ubongo Kids ya Tanzania imewazoesha watoto kujibu kipindi cha televisheni kwa simu. Kasoro iko katika kuandika maswali. Maswali mengi ya kuchagua yanayowekwa mtandaoni yana jibu moja sahihi na matatu ya kujazia nafasi, ambayo hakuna mtoto anayeweza kuyachagua kwa kosa la kweli. Kompyuta inasahihisha kwa sekunde moja, inatoa asilimia 70, na asilimia 70 hiyo haimwambii mtu yeyote afanye nini.

Alama zenyewe pia zina madhara. Ruth Butler, katika utafiti wake maarufu wa 1988 huko Israel, aliwagawa wanafunzi: wengine walirudishiwa kazi na alama tu, wengine na maoni tu, wengine na vyote viwili. Waliopata maoni peke yake ndio waliosonga mbele katika kazi iliyofuata. Waliopata alama pamoja na maoni hawakunufaika kama hao. Waliitazama alama na kuishia hapo. Madarasa ya mtandaoni yamejengwa kinyume kabisa cha hilo: namba hutokea papo hapo kwa rangi ya kijani au nyekundu, na maoni ya mwalimu, kama yapo, yako nyuma ya kitufe ambacho wengi hawakibonyezi. Mhadhiri anayetumia Moodle anaweza kuweka maoni kwanza na alama siku tatu baadaye. Hakuna anayemzuia.

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote, hata hivyo, haukutoka kwenye kompyuta. Ulitoka Botswana, kwenye simu ya kawaida ya kupiga na kupokea. Shule zilipofungwa 2020, Noam Angrist, Peter Bergman na Moitshepi Matsheng walifuatilia zaidi ya kaya 4,500 zenye watoto wa shule za msingi. Kaya nyingine zilipata ujumbe mfupi wenye maswali ya hesabu kila wiki. Nyingine zilipata ujumbe huo pamoja na simu ya dakika 15 hadi 20, mwezeshaji akizungumza na mzazi na mtoto na kupitia swali moja pamoja nao. Walipochapisha matokeo 2022, ujumbe peke yake ulikuwa umefanya kidogo sana. Ujumbe pamoja na simu ulikuwa umepunguza waziwazi idadi ya watoto wasiojua hesabu. Mpango huo ukajaribiwa tena katika nchi tano, Kenya na Uganda zikiwemo, kwa zaidi ya watoto 16,000, na ukafanya kazi tena.

Kwa mada yetu, kinachonivutia zaidi ni jinsi walivyowapima watoto hao bila kuwaona. Walipiga simu. Kila swali lilikuwa na dakika mbili, ili shangazi asipate nafasi ya kuingilia. Watoto tofauti waliulizwa maswali tofauti yanayopima ujuzi ule ule. Na jibu halikuhesabiwa kuwa sahihi mpaka mtoto aeleze alivyolipata. Sharti hilo la mwisho linatosha kufuta nusu ya wasiwasi wetu wote. Unaweza kunong’onezewa 26. Ni vigumu sana kunong’onezewa maelezo ya kwa nini umekopa kumi, kwa sauti yako, kwa maneno yako, mwalimu akikukatiza na kuuliza, “na kama ingekuwa 53?”

Wala hatuanzi kutoka sifuri. Tangu 2009 mpango wa tathmini wa Uwezo umekuwa ukienda nyumbani kwa watoto Kenya, Tanzania na Uganda, mtu anaketi na mtoto mmoja, anampa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili na kumsikiliza akisoma. Matokeo yake yaliwashtua wakubwa kwa sababu yalionyesha watoto wa madarasa ya juu wasioweza kusoma hadithi hiyo, na wengi wao ripoti zao za shule zilikuwa na alama. Dakika chache za kumsikiliza mtoto zilifichua kilichokuwa kimefichwa na miaka ya karatasi. Nyuma zaidi, Zanzibar ilikuwa na vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze, ambavyo viliuliza swali na kunyamaza ili watoto wajibu. Redio haikusikia jibu. Simu inasikia.

Watu wa vyuo vikuu watasema hiyo ni hesabu ya watoto, wao wana wanafunzi 300 wa mwaka wa kwanza. Tupige hesabu basi. Dakika 10 za maswali ya mdomo kwa kila mmoja ni saa 50. Ni nyingi. Lakini insha 300, kwa dakika 10 kila moja, ni saa 50 zile zile, na mhadhiri tayari anazitumia, akisoma maandishi ambayo hajui ni ya nani. Na hakuna ulazima wa kumpigia kila mtu. Tangaza mwanzoni mwa muhula kwamba wanafunzi 60 watachaguliwa kwa kura kila kazi na kuulizwa kuhusu walichoandika: kwa nini umemtumia mwandishi huyu, mfano huu ungeubadilishaje kama ungekuwa unaandika kuhusu soko la Kariakoo, sentensi hii ya tatu ina maana gani. Saa 10 za kazi. Aliyeandikiwa na mtu au na mashine atatambulika baada ya swali la pili bila kinusi, na aliyeandika mwenyewe atatoka amejifunza zaidi, maana kueleza ni kujifunza mara ya pili.

Swali lenyewe linaweza pia kuhamishwa lisiwe la kunakiliwa kirahisi. “Eleza sababu za mfumuko wa bei” lina jibu tayari kila mahali. “Andika bei ya unga, mafuta na mkaa katika duka lako kwa wiki nne, kisha eleza ipi imepanda na kwa nini muuzaji anadhani imepanda” linahitaji miguu. Mashine itasaidia kupanga sentensi, na sina neno nalo, lakini haitakwenda dukani. Mwanafunzi aliye mbali ana kitu ambacho aliye bwenini hana: yuko mahali halisi, penye shamba, zahanati, gereji, baraza la kata. Masomo yetu ya masafa yamekuwa yakimwomba asahau mahali hapo na ajifanye yuko chuoni.

Kuna mtego mmoja. Ukiona kazi za aina hii zinafaa, utashawishika kuzitia alama za cheti. Kenya imejaribu. Katika mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6, ulioanza 2022, sehemu ya alama ilipangwa kutoka kwenye tathmini za shuleni, mwalimu akipakua kazi kutoka tovuti ya KNEC na kupandisha alama huko huko. Nia ilikuwa njema, kumpunguzia mtoto mzigo wa siku moja. Lakini kazi ikishabeba uzito wa cheti, mwalimu hupata kishawishi cha kuipamba, na mzazi hukesha akikata maboksi na kubandika gundi, lalamiko linalosikika kila kona ya Kenya tangu mtaala wa umilisi uanze. Kipimo kilichokusudiwa kuonyesha udhaifu kinakuwa mahali pa kuuficha.

Chuo Kikuu cha Sydney kimeamua kutenganisha waziwazi. Kuanzia 2025 kina njia mbili za tathmini. Ya kwanza imelindwa, mwanafunzi yupo mwenyewe na vifaa vinadhibitiwa. Ya pili iko wazi, na akili mnemba inaruhusiwa kwa kuwa kuizuia hakuwezekani. Ni chuo tajiri, lakini utaratibu huo hauhitaji utajiri. Chuo Kikuu Huria kilikuwa na vituo vya mikoa miaka mingi kabla ya Sydney kugundua kwamba chumba kina faida, na ingekuwa kichekesho kikubwa kama tungevifunga vituo hivyo tukanunua kamera wakati wenye kamera wanarudi chumbani.

Ninachopendekeza, basi, ni hiki. Mtihani wa cheti ubaki kituoni, mara chache, mwanafunzi akijua miezi kabla ni lini na wapi, na anayetoka Mafia au Kibondo apangiwe karibu naye. Kila kinachobaki, maswali ya simu, insha, kazi za dukani na shambani, kiondolewe alama za cheti au kibebe chache sana, kisahihishwe kwa maoni, na kifuatwe na simu za mdomo kwa waliochaguliwa kwa kura. Vinusi visitumike kumhukumu mtu. Na fedha iliyotengwa kwa leseni za kamera iwalipe wakufunzi wa muda, wahitimu wale wale ambao wamekuwa wakiwaandikia insha wanafunzi wa ng’ambo, wawapigie simu wanafunzi wetu kila wiki. Vyuo vya Tanzania na Kenya havihitaji sheria mpya kwa hilo. Vinahitaji ratiba, mwongozo wa maswali, na muda wa maongezi.